Simu Haina Kosa

(Haya niliyaongea wiki iliyopita mbele ya vijana wanaosoma mambo ya kompyuta hapa Mbeya. Kuna walioshindwa kufika wakaniomba niyaandike, basi nimeandika kama yalivyotoka mdomoni, hata pale nilipotoka nje ya mada nimepaacha hivyohivyo.)

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu mambo vipi. Wa Rungwe na Kyela mugonile, wa Iringa na Njombe kamwene, na nyie mliotoka Dar mkaja na tisheti mwezi wa saba poleni sana, baridi ya huku haina undugu na mtu.

Nimepewa mada ndefu kama mabehewa ya TAZARA, majukwaa ya softiwea yanayojibadilisha kulingana na kifaa kidogo cha mkononi. Mi naomba niikate. Leo nina jambo moja tu, apu yako ikigoma kwenye simu ya mtu usimwambie akanunue simu nyingine. Yaliyobaki yote ni maelezo ya hilo.

Mnaonijua mnajua mi sio mtu wa vyeti. Nilianza ufundi simu pale Mwanjelwa mwaka 2009, kimeza kimoja, mwavuli, seti moja ya bisibisi na kebo za kuflashia, yaani kuiwekea simu programu yake upya, nilizoazima. Kodi nimejifunza baadaye, usiku, hizi kodi za kompyuta sio zile za TRA, kwenye mashine iliyokuwa inazimika ukiigusa vibaya. Kwa hiyo simu nimeijua kwanza kwa ndani, ubao wake, betri yake, unga wa mahindi uliojaa kwenye spika, kabla sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Na naona hilo limenisaidia, maana fundi akiletewa simu haulizi kwanini ulinunua hii, anauliza hii ina nini.

Sasa niwape aibu yangu kabla hamjaisikia kwa watu. Miaka kadhaa nyuma kuna taasisi, siitaji, ilinipa kazi ya kutengeneza apu ya wakulima wa viazi, bei za sokoni, hali ya hewa, lini upige dawa ya ukungu, vitu vizuri kabisa. Nikajifungia wiki sita Soweto, mtandao safi, najaribia kwenye simu yangu mwenyewe yenye RAM ya giga 4, kila nikigusa inafunguka, nikaona hapa nimemaliza. Tukapanda gari mpaka Isyonje, wakulima wamekaa kwenye nyasi wananisubiri, ukungu umeshuka mpaka humuoni mwenzako, nikasema haya wazee wangu toeni simu tuweke apu.

Wakatoa. Kitochi, kitochi, kitochi, simu janja kioo kimepasuka, kitochi, simu janja ya giga moja inayochemka kama pasi, kitochi cha laini tatu. Apu yangu ilikuwa na mega 38. Simu ya kwanza ikasema nafasi haitoshi. Ya pili ikaingia, ikafunguka, ikajifunga, ikafunguka, ikajifunga. Ya tatu mtandao ukakata ikiwa imefika asilimia 60 na bando la yule baba ndo likawa limeishia hapo, akaniangalia tu hakusema kitu. Halafu mama mmoja, mtu mzima, akaniuliza kwa upole kabisa, mwanangu, kwahiyo nifute picha za mjukuu wangu ndo niweke hii ya viazi? Nikakosa jibu. Na hapo bei ya viazi yeye alikuwa anaijua kuliko apu, dalali alishampigia asubuhi.

Njia nzima nikawa najitetea kichwani, eti simu zao mbovu. Tulipofika Uyole ndo akili ikanirudia. Zile simu zinapiga, zinapokea, zinatuma hela, zinamulika usiku ng'ombe akizaa, betri inakaa siku nne. Ni nzima kabisa zile. Kibovu kilikuwa cha kwangu.

Tuongee RAM kidogo, maana nimeona watu wanaikariri kama namba ya kiatu. RAM ni memori ya kufanyia kazi, ndo siti za Costa ya Tukuyu. Programu endeshi, yaani Android yenyewe, ni konda. Abiria ni apu. Gari likijaa na abiria mpya yupo stendi, konda wa Android hakatai kupakia, anashusha mtu. Anaanza na wale wanaosinzia siti za nyuma, yaani apu ulizofungua asubuhi ukaziacha huko, na wa mwisho kabisa kuguswa ni yule unayemuangalia usoni. Kabla ya kushusha huwa anajaribu kubananisha kwanza, kuna kitu kinaitwa zRAM, inachukua vilivyo kwenye memori inavikunja vinachukua nafasi ndogo humohumo kwenye RAM, ni ile sogea sogea siti ya watu wanne kaeni watano. Na huwa anatangaza pia, Android inaziambia apu zilizo ndani kwamba hali ni mbaya, punguzeni mizigo. Apu yenye adabu inasikia, inatupa picha ilizokuwa imezishikilia, inabaki nyepesi. Apu yangu ya viazi ilikuwa imepanda na magunia yake sita na haikusikia tangazo lolote. Konda akaitupa nje. Angefanyaje?

Kumbe kuna mpaka swali limewekwa tayari kwenye Android, isLowRamDevice, unaiuliza simu, samahani wewe ni wa RAM ndogo? Inakujibu ndiyo au hapana. Mstari mmoja. Wiki sita zote sikuwahi kuuliza.

Sasa msidhani haya ni mambo mapya. Wengi humu mlikuwa bado hamjazaliwa au mko mgongoni mwa mama, mwaka 2000, ulipotoka utaratibu wa MIDP wa kuandika programu kwa lugha ya kompyuta ya Java kwenye simu ndogo. Injini iliyokuwa inaziendesha iliitwa KVM na hiyo K ni ya kilobaiti, yaani jina tu lilikuwa linakukumbusha uishi kwa adabu. Utaratibu ulisema simu iwe angalau na kilobaiti 128 za kuwekea mfumo wenyewe, kilobaiti 8 za kutunza data za programu, na kilobaiti 32 za kufanyia kazi. Skrini pikseli, zile nukta za kioo, 96 kwa 54. Picha moja ya mahafali unayomtumia shangazi yako WhatsApp haiingii kwenye hizo kilobaiti 8 hata robo. Na bado watu walitengeneza magemu, kamusi, mpaka programu za kujaza fomu za zahanati, humohumo.

Kitu ninachokipenda kwenye MIDP, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo kiini chenyewe, ni vile walivyofanya vitufe. Simu za enzi hizo kila mmoja alikuwa na zake, nyingine ina vitufe viwili chini ya kioo, nyingine kimoja, nyingine ina kile cha kuzungusha katikati. Sasa programu haikuruhusiwa kusema niwekee Rudi pale chini kulia. Ilisema tu, nataka amri, aina yake ni ya kurudi, umuhimu wake ni namba fulani. Basi, inanyamaza. Simu ndo inaamua iiweke wapi kulingana na mwili wake na mazoea ya mwenye simu. Kama bibi anapokutuma niletee kitu cha kukalia, hajasema kiti, kama kuna kiti leta kiti, kama kuna kigoda leta kigoda, kama hakuna geuza ndoo. Ukiagiza kazi badala ya kuagiza umbo, kitu chako kinakaa popote.

MIDP ilifia wapi? Kwenye tamaa, yetu na ya watengeneza simu. Magemu yalitaka kuchora kila nukta kwa mkono, kila kampuni ikaongeza vikorokoro vyake, zile Nokia za Series 40 za mwanzo zikawa hazipokei programu ya zaidi ya kilobaiti 64 wakati nyingine zinapokea, na ile ahadi ya Java ya andika mara moja endesha popote, waandishi wa programu wenyewe wakawa wanatania kwamba ni andika mara moja halafu katafute makosa kila mahali. Mtu alikuwa anatengeneza gemu moja matoleo chungu nzima.

Android wamejifunza kiasi. Vipimo vyao vya skrini havihesabu pikseli za kioo chako, wanatumia dp, kipimo kinachojinyoosha, kwenye kioo cha nukta 160 kwa inchi dp moja ni pikseli moja na kuanzia hapo mfumo unajipigia hesabu, ili kitufe kidole kikione kilekile kwenye simu ya bei yoyote. Na toka 2018 kuna ule utaratibu wa kupeleka apu yako kwenye duka la apu, Play Store, kama furushi, duka lenyewe linakata kipande kinachofaa simu ya anayepakua, lugha yake, aina ya prosesa yake, kioo chake. Nilipoifanyia apu yangu hivyo, nikatoa na mapicha ya mashamba ya kijani ya kujionyesha, nikatoa maktaba, yaani mafurushi ya kodi iliyoandikwa na watu wengine, nilizoziweka kwa sababu tu niliona wenzangu wanaziweka, kutoka mega 38 ikashuka mpaka mega 4. Haikupungua kitu mkulima anachokitumia. Hata kimoja. Kwahiyo ile 34 nyingine ilikuwa ni ya nani?

Ilikuwa ni ya kwangu, nilitaka ipendeze nikionyesha watu ofisini.

Kuna Android Go pia, toleo jepesi la Android, ilitangazwa 2017, hiyo mwanzoni ililengwa simu zenye RAM ya giga moja kushuka chini. Na kuna KaiOS ambayo mi naiheshimu sana. Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, walitengeneza programu endeshi ya simu, Firefox OS, simu zake zikaanza kuuzwa 2013, wazo lilikuwa apu zote ziwe kurasa za wavuti, HTML na JavaScript, biashara ikagoma wakaachana nayo. Ila kodi ilikuwa wazi, kuna watu wakaichukua, wakaibana, wakaipeleka kwenye simu za vitufe, hata zenye RAM ya mega 256. Hiyo ndo KaiOS, ikaenda India kwenye JioPhone 2017, na hapa kwetu mnaikumbuka Smart Kitochi ya Voda. Jukwaa lilitungiwa simu za kugusa, likashindwa, likafufukia kwenye vitufe. Ila sasa, na hapa waandishi wa apu ndo tunaumbuka, ukifungua kurasa nyingi kwenye simu kama hiyo unakuta mtu hajafikiria kabisa kwamba kuna binadamu hana kioo cha kugusa, unabonyeza mshale chini mara thelathini kuifikia sehemu ya kuandika jina.

Nikirudi Isyonje. Nilirudi kweli, baada ya miezi kama minne hivi, kwa nauli yangu. Safari hii sikuanza na apu. Nilikaa nikachora kwanza taarifa yenyewe, bei, tarehe, soko, onyo la ugonjwa wa ukungu, nikaiweka kwenye seva, ile kompyuta inayotunza na kugawa taarifa, ikiwa tupu haina nguo yoyote. Halafu nikaitafutia milango. Mwenye simu janja anapata ile ya mega 4. Mwenye intaneti ya kubahatisha anapata ukurasa mwepesi. Mwenye kitochi anapata SMS. Chungu kimoja cha uji, mmoja analetewa kikombe mwingine bakuli, uji ni uleule, na ukikorogwa umekorogwa kwa wote.

Nilitaka pia USSD, zile nyota na reli, maana hakuna jukwaa linalojipinda kama lile. M-Pesa imeingia Tanzania 2008 na mpaka leo *150*00# inafunguka kwenye simu yoyote, haiombi nafasi, haiombi bando, haiombi kuapdeti. Ujumbe wake mmoja haizidi herufi 182 na hakuna kinachobaki kwenye simu, kila kitu kipo kwa mtoa huduma. Tatizo ni kwamba namba yenyewe unaikodi na ukichelewa kujibu inakata unaanza upya, na kwa bajeti yangu ya vocha nikaona nisubiri.

Kwenye SMS sasa nikapata somo ambalo sijawahi kuliona kwenye kozi yoyote. Kuna wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Rungwe nao wakataka wawekwe. Nikaandika ujumbe mzuri wa chanjo, herufi kama 130, nikajua hiyo ni SMS moja kwa sababu moja inabeba 160. Bili ikaja mara mbili. Nikabishana na watu wa gatewei, wale wanaonisambazia SMS, mpaka sauti ikakauka. Kumbe tatizo ni ng'ombe. Sio ng'ombe mwenyewe, ile alama yake ya juu. Ujumbe niliuandikia kwenye Word, na Word inaigeuza ile alama iliyonyooka inaipinda iwe ya mapambo, na ile iliyopinda haipo kwenye alfabeti ya GSM, orodha ya herufi za kawaida za SMS. Basi ikiingia hata moja tu, ujumbe wote unahama kutoka biti 7 kwa herufi kwenda biti 16, na SMS moja inabeba herufi 70 badala ya 160. Kwahiyo kila nilipomtaja ng'ombe nililipa mara mbili. Kiswahili bahati yetu hakina vinukta juu ya herufi, tunaingia kwenye zile biti 7 kiulaini kabisa, isipokuwa huyu ng'ombe na ndugu zake ng'oa na ng'ambo. Siku hizi seva yangu kabla ya kutuma inanyoosha alama zote. Ni mistari mitatu ya kodi, imeniokolea hela kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Na lugha yenyewe inataka nafasi. Kitufe kilichochorwa kwa ajili ya "OK" ukikiandika Thibitisha kinakatika kinabaki Thibiti, nimekuta apu imeandika Ghai, kumbe ni Ghairi imekosa pa kukaa. Acheni maneno yapumue, msifunge upana.

Mtandao. Hapa sisemi sana kwa sababu wote mnapanda gari, mnajua ukitoka tu kuelekea Makete au ukishuka bonde la Usangu kuna sehemu simu inakuwa saa. Apu ifanye kazi pasipo mtandao kwanza, mtandao ukirudi ndo itume. Angalieni Nuru ya PlantVillage, wale wa chuo kikuu cha Penn State Marekani na taasisi ya utafiti wa kilimo IITA, unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo inakuambia kama ni batobato au michirizi kahawia, na inafanya hivyo ndani ya simu bila intaneti, na inatambua pia viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Walihangaika mpaka ule mfumo wa kutambua picha ukaingia kwenye simu ya kawaida. Wangeweza kabisa kusema tuma picha kwenye seva, kazi yao ingekuwa nyepesi mara kumi, ila shambani kusingekuwa na mtu wa kuitumia.

Kuna mwenzetu hapa kaniletea swali kwenye kikaratasi, anauliza simu zikizeeka tufanyeje. Kaka, hilo linaniuma kama fundi. Mwaka 2023 WhatsApp walipofunga milango kwa Android za chini ya 5.0 nilipokea watu mezani pangu wamebeba simu kama wamebeba mgonjwa, simu haina hata mkwaruzo, inawaka, inapiga, ila imeambiwa umri umefika. Zamani Android na madereva, yaani programu za kuendesha vifaa vya ndani, ya kampuni iliyotengeneza simu vilishonwa pamoja, huwezi kubadilisha shati bila kuvua suruali, ndo maana kampuni ikichoka simu inabaki na toleo lilelile. Kwenye Android 8 mwaka 2017 wakaleta Treble, wakatenganisha hizo sehemu mbili. Imesaidia, sio kwa simu zote. Na kuna LineageOS, watu wa kujitolea wanaendeleza Android kwenye simu ambazo mwenye kiwanda keshazisahau, mi nimefufua simu kadhaa kwa hiyo, ila nisiwadanganye, za kichina nyingi tunazouziwa huku huzikuti kwenye orodha yao, na ukiflashi toleo la simu nyingine unapata kigae cha bafuni, simu imekufa haiwaki tena. Nimeshalipa simu ya mtu kwa ujuaji huo.

Ndo maana nasema usisubiri kiwanda. Ile sehemu iliyo mikononi mwako, yaani apu unayoandika wewe, unaweza kuamua leo inaanzia toleo gani la chini. Ni namba moja kwenye faili. Watu wanaipandisha ili wapate kitu fulani kipya cha kupendeza, na kila ukiipandisha kuna mtu Igawilo au Makambako apu inapotea dukani asiione kabisa, wala hatajua kuwa alikataliwa.

Nimeona mwalimu anaangalia saa, namalizia.

Pale mlangoni nimeacha boksi. Ndani kuna simu kumi na moja, kuna kitochi, kuna mbili za KaiOS, kuna za giga moja, kuna moja inashika chaji ukiielekeza upande wa kushoto tu. Zote zimetoka kwenye droo yangu, wenyewe hawakuzirudia. Kila kundi likachukue moja, kazi mnayofanya muhula huu mkaijaribie humo kabla hamjaijaribia kwenye simu zenu. Jumamosi mniletee Mwanjelwa na simu na mlichokuta, hata kama hakuna kilichofunguka. Ile ya bluu msiichukue, betri imevimba, nilisahau kuitoa.